Huru wa Nani? Asili ya Neno na Swali la Deni

Makala haya yanadhamiria kulichunguza neno moja fupi la Kiswahili, neno huru, pamoja na jamaa zake wa Kiarabu na wenzake katika lugha nyingine kadhaa. Neno hili limezoeleka mno. Limo katika majina ya mitaa, bustani, magazeti na watu. Limo kileleni mwa Mlima Kilimanjaro. Na kila mwaka, tarehe 12 Disemba nchini Kenya na tarehe 9 Disemba nchini Tanzania, hutajwa majukwaani mara zisizo idadi. Kwa sababu ya mazoea hayo, ni nadra kuulizwa swali ambalo lugha yenyewe inalidokeza: mtu anaposemwa kuwa yu huru, je, anadaiwa lolote, na kama anadaiwa, mwenye kumdai ni nani? Swali hili ni la kimaadili. Tutalikaribia kwa njia ya maneno kwa kuwa, kwa maoni yetu, maneno ndiyo yaliyolihifadhi wakati wanasiasa, na mara nyingine wahakiki, walipolisahau.

Yapasa kwanza kujihadhari na kosa ambalo wapenzi wa etimolojia hulifanya aghalabu. Asili ya neno haihukumu maana yake ya leo. Asemaye mjinga siku hizi hamfikirii mtumwa mgeni aliyefikishwa pwani juzi, asiyejua lugha wala desturi za mji, ingawa hivyo ndivyo neno hilo lilivyotumika katika karne ya 19. Wala kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu. Wako wanaodai kwamba huruma imezaliwa na huru, ati kwa kuwa mwenye kuhurumia humwacha mwenzake huru. Mizizi ya maneno hayo ni mbalimbali kabisa. Hurulaini wa peponi nao wametoka katika mzizi mwingine, unaohusu weupe na weusi wa macho. Ushahidi tunaouhitaji ni wa aina nyingine: neno lina vinyume gani, linaandamana na vitenzi gani, na lilipoingia katika lugha lilikuja kujaza pengo gani.

Tuanze na vitenzi. Huru ni kivumishi kisichobadilika, na kutokana nacho tumepata nomino uhuru. Lakini Kiswahili hakikuunda kitenzi kutokana na shina hilo. Hatuna *kuhuru wala *kujihuru. Tunasema kuwa huru, kuachwa huru, kuwekwa huru. Na uhuru nao hupewa, huletwa, hutolewa, hupatikana, hupiganiwa, hunyakuliwa. Katika misemo yote hii uhuru ni kitu kinachopita mikononi, na katika mingi yako mikono ya mtu mwingine kabla ya ile ya mpokeaji. Hata anayeupigania anaupigania kama mtu apiganiavyo mali iliyoshikwa na mwenziwe. Jambo hili si la bahati. Lina historia, na historia hiyo imeanzia nje ya pwani yetu.

Katika Kiarabu, hurr ni kinyume cha abd, yaani mtumwa, na maana hii ya kisheria ndiyo inayotumika katika Kurani, Sura ya pili, aya ya 178, panapotajwa kisasi cha muungwana kwa muungwana na mtumwa kwa mtumwa. Lakini tangu zamani hurr limekuwa na maana ya pili isiyo ya mahakamani. Hurr ni mtu mwema, mkarimu, mwenye asili njema. Aidha husemwa juu ya vitu, kama vile udongo safi usiochanganyika. Kiebrania cha kale kina neno horim, ambalo katika kitabu cha Nehemia lina maana ya wakuu au watu wa nasaba, na katika Kisiria jamaa yake humtaja asiye mtumwa. Kwa hiyo katika lugha hizi za Kisemiti uhuru na ubora wa tabia vilikaa katika nyumba moja, na haikuwa rahisi kutaja kimoja bila ya kingine kuitika. Franz Rosenthal, katika kitabu chake cha 1960 juu ya dhana ya uhuru katika Uislamu, ameonyesha jinsi maana ya kisheria na ile ya kitabia zilivyoishi bega kwa bega kwa karne nyingi bila ya kuzaa dhana ya kisiasa iliyokomaa.

Zipo pande mbili za mzizi huu zinazostahili kukaliwa kidogo. Ya kwanza ni kitenzi harrara. Maana yake ni kumwacha mtu huru, na papo hapo ni kuandika kwa uangalifu, kuliondolea andiko dosari. Kutoka hapo tumepata kuhariri na mhariri. Huenda wahariri wa majarida haya wasijue kwamba kwa asili ya jina lao ni wakombozi, na waandishi wengi waliorudishiwa miswada iliyojaa wino mwekundu wangekataa katakata. Ila katika Sura ya tatu, aya ya 35, mzizi huohuo unatumika kwa njia ya kushangaza zaidi. Mke wa Imran anamwekea Mungu nadhiri ya kile kilichomo tumboni mwake, awe muharrar. Neno hilo kwa muundo wake ni "aliyewekwa huru", lakini kwa muktadha ni "aliyetengwa kwa utumishi". Mtoto anafunguliwa kutoka katika shughuli za dunia ili afungwe kwa kazi nyingine. Al-Qushayri, mwanachuoni wa tasawufi aliyefariki mwaka 1072, alifikia hatua ya kufundisha kwamba uhuru wa kweli umo katika ukamilifu wa utumwa kwa Mungu. Msomaji wa leo aweza kuliona jambo hili kama mchezo wa maneno. Sisi tunaliona kama ushahidi kwamba wenye neno walijua tangu awali kuwa huru ni neno lisilokamilika: huru kutokana na nini, na huru kwa ajili ya nini?

Upande wa pili ni wa kisheria, nao unatuhusu zaidi. Mtumwa aliyeachwa huru hakuwa sawa na aliyezaliwa huru. Baina yake na bwana wake wa zamani ulibaki uhusiano uitwao walaa, ambao sheria haikuruhusu uuzwe wala utolewe hiba. Aliyeachwa huru akifa bila ya warithi wa damu, bwana wake wa zamani alimrithi. Pande zote mbili za uhusiano huu ziliitwa kwa neno moja, maula: bwana ni maula na aliyeachwa naye ni maula. Kiswahili kimelichukua neno hilo na kubaki na nusu yake ya juu tu, Mola, jina la Mwenyezi Mungu. Nusu ya chini imepotea. Tutaona kwamba kilichopotea ni jina. Uhusiano wenyewe haukupotea. Warumi nao walikuwa na mpango wa namna hiyo. Libertus, mtumwa aliyeachwa, aliendelea kudaiwa heshima na huduma na patronus wake, na hakuhesabiwa pamoja na yule aliyezaliwa nje ya utumwa.

Tukitoka nje ya jamii ya Kisemiti twaona kwamba lugha mbalimbali zimeujenga uhuru kwa mawe tofauti. Neno la Kiingereza free lina mzizi mmoja na friend, rafiki, na mzizi huo una maana ya kupenda. Katika Kisanskriti jamaa yake ni priya, mpendwa. Wanaisimu hulieleza hivi: walio huru ni wale walio wetu, watu wa nyumbani, tofauti na watumwa ambao ni wageni nyumbani humo. Liber ya Kilatini na eleutheros ya Kigiriki hufungamanishwa na mzizi wenye maana ya watu, ule uliokipa Kijerumani Leute. Na Warumi waliwaita watoto wa nyumba liberi, wale walio huru. Wasumeri walikuwa na amargi, ambalo kisilabi ni kurudi kwa mama. Lilitumika kwa kufutiwa madeni na kufunguliwa kwa watu waliowekwa rehani kwa ajili ya madeni, na limo katika maandishi ya mageuzi ya Uruinimgina, mtawala wa Lagash katika karne ya 24 kabla ya Kristo. Kizulu kina inkululeko, kutokana na kitenzi cha kufungua kilichofungwa. Kikuyu kina wĩyathi, kutokana na kujiamuru au kujitawala. Na John Lonsdale, katika kitabu alichokiandika pamoja na Bruce Berman mwaka 1992, amesisitiza kuwa wĩyathi lilikuwa na uzito wa kimaadili kabla ya kuwa kauli ya kisiasa, kwa maana mwenye wĩyathi ni mtu aliyejenga mji wake kwa jasho lake na kuweza kuwatunza wengine ndani yake. Ndiyo sababu wapiganaji wa miaka ya 1950 waliliambatanisha na ithaka, mashamba, wala hawakuliacha peke yake.

Lugha hizi hazikubaliani, wala hakuna haja ya kuzilazimisha. Linalotupendeza ni kwamba katika nyingi kati yake aliye huru ana mahali: ana mama wa kumrudia, ana nyumba, ana watu wanaompenda, ana shamba. Kutokuwa na bwana ni tokeo la kuwa na watu. Katika Kiswahili hali ni kinyume. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya 1939 hadi zilizofuata, hulifasiri huru kwa kukanusha: asiye mtumwa, asiyetawaliwa, asiyezuiwa. Je, Waswahili hawakuwa na neno la yule mtu mwenye mahali?

Walikuwa nalo, tena kabla ya haja ya kuazima: muungwana, na hali yake, uungwana. Muungwana ni aliyezaliwa huru, mwenyeji wa mji, mwenye nasaba inayojulikana. Na papo hapo ni mtu wa adabu, wa ahadi, wa haya. Methali husema muungwana ni kitendo, na nyingine husema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ile ya pili ina mafunzo zaidi kuliko inavyodhaniwa. Muungwana aweza kunyang'anywa kila kitu kinachomwonyesha kuwa muungwana, akabaki nao katika namna anavyoyapokea yale aliyotendewa. Maana zote mbili za hurr ya Kiarabu, ya kisheria na ya kitabia, zilikuwa zimekwisha kukaliwa na neno hili. Basi huru lilipoingia lilikuta kiti cha heshima kina mwenyewe, likapewa kazi iliyobaki, ile ya hati: kumtaja mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa. Muungwana hakuhitaji kuambiwa kuwa yu huru. Aliyehitaji neno hilo ni yule ambaye hali yake ingeweza kupingwa, naye alilihitaji limeandikwa.

Kinyume cha maneno yote mawili ni mtumwa. Kimuundo neno hili ni jepesi: mwenye kutumwa. Kitenzi hichohicho kimetupa mtume, aliyetumwa na Mungu, na katika Kiswahili hakuna cheo cha binadamu kilicho juu ya hicho. Tofauti ya maneno haya mawili imo katika mwisho wa neno na katika swali la ni nani aliyetuma. Yafaa tulitie jambo hili moyoni, maana linabatilisha dhana kwamba fedheha ya utumwa ilitokana na kutumika. Fedheha ilitokana na kutumika kwa mtu asiye na haki ya kukutuma.

Historia ya hati yenyewe ni fupi na ya kusikitisha. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza uliofunga masoko ya watumwa. Miaka miwili baadaye wamishenari wa CMS waliweka makazi ya Freretown, upande wa bara wa kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya waliookolewa kutoka majahazini. Huko watu walioitwa huru waliishi kwa kanuni za misheni, wakaamka na kulala kwa kengele ambayo imeupa mtaa wa Kengeleni jina lake hadi leo. Aprili 1897 Sultani Hamud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Amri haikusema kwamba watumwa wote wako huru. Ilisema kwamba mahakama hazitaitambua tena haki ya bwana, na mtumwa aliyeutaka uhuru wake alipaswa kwenda kuuomba, na bwana aliyethibitisha hasara alilipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa, walingoja hadi 1909. Na yule aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, ama sivyo angehesabiwa mzururaji. Katika pwani ya Kenya sheria ya namna hiyo ilikuja mwaka 1907. Frederick Cooper, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980, ameeleza matokeo yake: wengi walirudi kukubaliana na mabwana wao wa zamani, siku kadhaa za kazi katika wiki kwa malipo ya kuruhusiwa kukaa na kulima shambani.

Hapa ndipo ile nusu iliyopotea ya neno maula inapojitokeza. Jina halikuwapo katika Kiswahili, lakini walaa ilikuwapo. Aliyeachwa huru alikuwa na bwana aliyemwacha, kisha serikali iliyomwandikia, kisha misheni iliyompokea, na kila mmoja katika hawa alihesabu kwamba anamdai shukrani. Neno huru, ambalo kwa tafsiri ya kamusi ni kutokuwa na bwana, katika maisha lilimpa mtu mabwana watatu.

Wako waliolikataa neno hilo. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na Manyema, wapagazi na askari waliokuwa watumwa au waliokwisha kuachwa walijiita waungwana. Hawakungoja hati, na huko pwani walikotoka hakuna muungwana wa nasaba ambaye angewakubalia jina hilo. Lakini katika nchi ya mbali, kwa mavazi yao, kwa lugha yao na kwa mwenendo wao, waliitwa hivyo na wakaitika. Wasafiri wa Kizungu kama Stanley waliandika Wangwana kana kwamba ni kabila, na Kiswahili walichokieneza mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Tendo hili tunalihesabu kuwa miongoni mwa matendo makubwa katika historia ya maneno yetu. Lugha iliwaachia kivumishi cha kupewa, wao wakachukua nomino ya kujipa. Hata hivyo tusiwatukuze kupita kiasi. Uungwana wao ulisimama kwa kuwadharau wenyeji waliowaita washenzi, na baadhi yao walishiriki katika kuwakamata na kuwauza. Neno walilolichukua lilikuja na sumu yake.

Sumu hiyo ndiyo inayotuzuia tusikubali dawa rahisi, yaani kusema kwamba tuachane na huru na kurejea uungwana. Uungwana wa zamani ulijengwa juu ya migongo ya watu. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao sote tumeusoma kama hazina ya adabu, ndani ya adabu hizo unamwonya binti asizoeane na watumwa ila katika shughuli za kazi. Usafi wa tabia uliotajwa na neno muungwana ulihitaji mtu mwingine wa kuchafuka. Kama tunataka kurithi maana ya kitabia iliyomo humo, hatuna budi kwanza kuuliza nani aliteka maji ya kuoshea usafi huo.

Turudi kwenye uhuru wa jukwaani. Wazalendo wa miaka ya 1950 walichagua uhuru kuwa neno la kujitawala kwa nchi, na chaguo lao lilikuwa na nguvu kubwa: lilimfananisha mkoloni na bwana wa watumwa, na kila msikilizaji wa pwani na bara alielewa. Ila lilivuta pia ukoo wake wote. Likija neno la hati, huja na mwenye kutia saini. Bendera ya Uingereza iliteremshwa usiku, hati zikakabidhiwa, na uhuru ukawa umeletwa. Kuanzia hapo wale walioshika hati walianza kuwakumbusha wengine ni nani aliyewaletea. "Sisi ndio tuliowaletea uhuru" ni sentensi ya maula wa juu kwa maula wa chini. Deni lake halilipiki, kwa kuwa anayedai ndiye anayeweka kiwango, na kama ile walaa ya sheria, haliuzwi wala halitolewi hiba, hurithiwa. Oginga Odinga alipokiita kitabu chake cha 1967 Not Yet Uhuru, alilitia neno la Kiswahili katikati ya Kiingereza. Twadhani alihisi kwamba neno la Kiingereza lisingebeba lawama aliyoikusudia, kwamba bwana amebadilika na hati ni ileile.

Kuna pingamizi zito hapa ambalo hatutalipuuza. Msomaji wa Isaiah Berlin na mhadhara wake wa 1958 atasema kwamba ukanushi wa neno huru ndio fahari yake. Afadhali uhuru usiodai kitu, atasema, kuliko ule unaokuja na orodha ya wajibu. Maana kila mtawala aliyetaka kuwafunga watu alianza kwa kuwaeleza uhuru wa kweli ni upi. Nyerere aliuunganisha uhuru na umoja, na ujamaa, na maendeleo, katika majina ya vitabu vyake vitatu, na kauli ya Uhuru na Kazi ilisikika Tanganyika mapema baada ya 1961. Nia ilikuwa njema, lakini katika kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 wako waliosukumwa kwa jina la deni hilo. Nchini Kenya amani, upendo na umoja vilihubiriwa katika miaka ileile ambayo walimu wa vyuo vikuu walitiwa kizuizini. Anayeuliza aliye huru anadaiwa nini, je, hamkaribishi mdai?

Twakiri nguvu ya hoja hii, na bado twadhani inakosea mahali. Inachukulia kwamba deni lolote la aliye huru lazima lidaiwe na aliyemwacha huru. Lakini wĩyathi, amargi na hata ule undugu wa free na friend vinaonyesha deni la namna nyingine, linaloelekea pembeni badala ya kuelekea juu: kwa waliomo nyumbani, kwa jirani, kwa yule ambaye hali yake ingali inapingwa. Methali ya kuchutama ni ya deni kama hilo. Hakuna bwana anayeamuru kuchutama. Muungwana anachutama kwa ajili ya macho ya wenziwe na yake mwenyewe. Hatari haiko katika kudaiwa. Iko katika kumruhusu mwenye hati awe ndiye mwenye daftari la madeni.

Wakenya wenyewe, bila ya kusubiri wahakiki, wamekwisha kulisahihisha neno. Harakati za miaka ya 1990 za kurejesha vyama vingi hazikuitwa uhuru wa pili. Ziliitwa ukombozi wa pili. Komboa ni kitenzi cha Kibantu, chenye mnyambuliko kamili: hukomboa, hukombolewa, hujikomboa. Maana yake ya msingi ni kutoa thamani ili kurejesha kilichokuwa rehani au mateka. Neno hilo linakubali waziwazi kuwa kuna gharama, na kwa ile rejeshi -ji- linakubali kwamba anayelipa na anayefunguliwa waweza kuwa mtu yuleyule. Wakati huohuo huria, dada yake huru, alikuwa akipata kazi mpya katika soko huria, na huko ukanushi ulifika mwisho wake: huria ni kile ambacho hakuna anayekizuia, pamoja na bei.

Kwa kuwa jarida hili ni la fasihi, hatutaondoka bila ya kugusa pale neno hili lilipotugombanisha sisi kwa sisi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, tungo zisizofuata vina na mizani zilihitaji jina, nazo zikaitwa mashairi huru; wengine wakaziita masivina. Majina yote mawili ni ya ukanushi. Shairi lilitambulishwa kwa bwana lililomwacha, yaani arudhi, ambayo Amri Abedi alikuwa ameiandikia kanuni mwaka 1954. Wahafidhina walidai walaa: shairi lolote la Kiswahili linaidai arudhi heshima, hata lililoiacha. Wanamapinduzi wengi walijibu kwamba shairi huru halidaiwi kitu. Majibu yote mawili yalikuwa ya maula, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na mjadala ulikwama hapo kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Ushahidi wa manufaa zaidi umo magerezani. Washairi wawili wa Mombasa walifungwa na serikali za Kenya huru. Abdilatif Abdalla alihukumiwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, akafungwa hadi 1972. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Katika Chembe cha Moyo, diwani yake ya 1988, Mazrui alitumia sana tungo huru. Abdilatif, katika seli ya upweke, aliandika kwa vina na mizani vilivyokazwa bila ya kulegea. Hakuna mlinzi wa gereza aliyemdai vina. Bwana aliyemfunga hakuijua arudhi wala hakuijali. Mizani ile aliilipa kwa watu waliomfundisha, kwa mji aliotoka, na kwa wasomaji ambao hakuwa na hakika kama watampata. Mtu mwenye akili timamu hawezi kusema kwamba mashairi hayo si huru, ingawa hakuna kamusi ya uhakiki itakayokubali kuyaita hivyo.

Tungo hizo ziliandikwa kwenye karatasi za chooni na kutoroshwa nje. Zilitoka kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na mwaka uliofuata zikapewa tuzo ya fasihi iliyokuwa na jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Yeye alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam.